Mapipa

Gari la Baba halikuwa na jina la kampuni. Watu wa Voi waliliita Mapipa, kwa kuwa bodi yake ilitokana na mapipa ya mafuta aliyoyapasua, akayanyoosha kwa nyundo na kuyachomelea nyuma ya nyumba tuliyopanga Mwakingali. Chini lilikuwa pikapu ya Peugeot 404: chesisi yake, injini yake, gia zake za kwenye usukani. Juu lilikuwa ndoto aliyoitoa kwenye gazeti kuukuu: Ford ya miaka ya 1930 ambayo vijana wa Marekani waliivua madigadi, wakaishusha, wakaiacha injini wazi. Vijana wale walizipenda Ford kwa sababu kuanzia 1932 kampuni hiyo iliuza injini ya silinda nane kwa bei ya mtu wa kawaida. Baba alikuwa nazo nne tu, tena zimelala, maana injini ya 404 imeinamishwa nyuzi 45. Upande mmoja wa boneti ukabaki mtupu, wa pili ukajaa mabomba. Alipoulizwa, alisema ndivyo alivyotaka.

Kwa nini Peugeot? Asiyeuliza ni yule aliyekulia kwetu. Mbio za magari za Safari za 1963 na zile za 1968 zilimalizwa na magari saba tu, na mara zote mbili lililotangulia lilikuwa 404. Sifa hizo zilitosha kwa wapiga soga. Fundi aliangalia jambo jingine: slivu za silinda zilichomoka zikawekwa mpya bila kuipeleka injini Mombasa kutobolewa. Baba alijifunza kazi katika karakana ya shamba la mkonge, ambako mashine ya kukwangua majani ikisimama, mamia ya watu husimama nayo. Pale hakuna anayesubiri kipuri kutoka Ulaya.

Niseme ukweli: lilikuwa gari la mateso. Bila madigadi ya mbele, magurudumu yalitumwagia usoni vumbi lote jekundu la Voi, na mvua ilipokunja sura juu ya milima ya Taita tulijua tutafika Wundanyi tumelowa. Kwenye kona za kupanda kutoka Mwatate maji yalichemka, Baba akasimama, akafungua boneti, akaanza kuwaeleza wapita njia habari za karbureta. Mama alijitanda kanga mbili na kutazama upande wa pili. Lakini lilipoteremka, bomba la ekzosi likinguruma mabondeni, watoto walitoka mashambani mbio, na sisi tuliokuwa juu tulijiona watu.

Katikati ya miaka ya tisini magari ya Japani yaliyokwisha kutumika yalianza kumiminika bandarini Mombasa, mengi yakipitia Dubai. Bei za Peugeot kuukuu zikaporomoka. Wakati huohuo kuta za nyumba yetu wenyewe zilikuwa zimesimama bila paa. Mama hakugombana. Alisema tu, "Baba Mkubwa wa mapipa, mabati unayo, ila yako yana magurudumu." Kesho yake Mapipa liliegeshwa kando ya barabara kuu, na ubao: LINAUZWA.

Wa kwanza alikuwa dalali kutoka Mombasa. Alizunguka mara moja, akagonga boneti kwa kidole. "Mzee wangu, injini nachukua. Hilo dude lingine nikupunguzie nini?" Baba alimkaribisha chai akamwacha aende. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, akauliza uzito. Akaja mwenye duka wa Maungu, mtu mpole kabisa, aliyetaka kujua kama nyuma pangeweza kurudishwa keria ya kubebea makaa. Kila mmoja alitaja bei ya kitu kilichokuwamo ndani ya gari. Hakuna aliyetaja bei ya gari.

Aliyekuja na logibuku akilini alikuwa mfanyabiashara wa ndizi kutoka Taveta. Nambari ilikuwa ya zamani, zile zisizo na herufi mwishoni, za kabla ya KAA ya 1989, na kitabu kilisema: Peugeot 404, pikapu, nyeupe. Mbele yake lilisimama gari jekundu la viti viwili, lenye pua ndefu. Alisoma, akatazama, akasoma tena.

"Fundi, hii nyeupe iko wapi?"

"Iko chini. Ukikwangua utaiona."

Akacheka, akauliza lilijengwa kwa muda gani, na ni nani aliyekata grili ile kwa mkono. Yeye peke yake aliuliza hivyo. Alikuwa na mabinti wa kuozesha na alitaka gari ambalo Taveta nzima haijaliona. Bei yake ilikuwa chini ya aliyoitaka Baba, juu ya ile ya dalali, wakapeana mikono. Paa tulilipata, na chenji ya misumari.

Mpaka leo naona Baba alifanya sawa kuuza, na sawa zaidi kumkataa wa kwanza. Ila kwetu hatuna hata picha moja. Msomaji uliyealikwa harusini Taveta miaka ile, ukiona kwenye albamu bibi harusi ndani ya gari jekundu lisilo na madigadi ya mbele, usiitupe picha hiyo. Hilo ni Mapipa.