Kamera Isiyopiga Hodi

Wapiga picha wa Nairobi huiita "bodi", yaani kamera yenyewe pasipo lenzi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wa Kiswahili kabla sijawa mpiga picha, nimezoea kuiita kiwiliwili, maana ndicho kinachobaki ukiondoa kichwa na viungo. Mwaka 2023 nilibadilisha kiwiliwili. Kile cha zamani kilikuwa Nikon D7000, aina iliyoingia sokoni mwaka 2010, nacho kilinitumikia kwa miaka mingi katika kazi za nyanjani za fasihi simulizi. Hiki kipya ni Nikon Z6 II, aina ya mwaka 2020. Kwangu ni kipya, ingawa nilikinunua kwa mtu aliyekuwa amekitumia, kwa fedha nilizodunduliza kutokana na picha za mahafali na harusi. Lenzi sikubadilisha, adapta ndogo huunganisha lenzi kuukuu na kiwiliwili kipya, mithili ya somo anayemwingiza bi harusi katika nyumba ya wakwe.

Msomaji asitarajie hapa sifa za mchuuzi. Nia yangu ni kueleza jambo moja lililonikabili katika miezi ya mwanzo, ambalo sidhani kama wenzangu tunaorekodi watambaji na waimbaji tumelijadili ipasavyo. Ili lieleweke, yafaa kwanza nieleze jinsi vyombo hivi viwili vinavyotofautiana.

Ndani ya kamera ya zamani mna kioo kilicholala mshazari. Nuru ipitayo kwenye lenzi hugonga kioo hicho na kupandishwa hadi kwenye jicho la mpiga picha. Anapobonyeza kitufe, kioo huinuka, mapazia mawili membamba hupita mbele ya kihisi, kisha kioo hurejea mahali pake. Yote haya hufanyika kwa kufumba na kufumbua, lakini hayafanyiki kimya. Mlio wake ni tanakali ya sauti iliyo kamili: kwachak! Katika kamera mpya kioo hakipo. Nuru huangukia kihisi moja kwa moja, na jicho huonyeshwa skrini ndogo iliyofichwa ndani ya tundu la kuchungulia.

Skrini hiyo ndiyo iliyonifurahisha mwanzo. Kipimo cha nuru cha kamera yoyote hupenda kila kitu kiwe na ukijivu wa wastani; kikikutana na kanzu nyeupe au shela ya bi harusi huidhania nuru kuwa imezidi, kikatia giza picha nzima, na uso mweusi wa mwenye kanzu ukageuka mkaa. Zamani nilikuwa nikikisia, nikipiga, nikitazama, nikirekebisha. Sasa nauona uso jinsi utakavyotoka kabla ya kubonyeza. Aidha kihisi chenyewe ni kikubwa zaidi, milimita 36 kwa 24 badala ya takriban 24 kwa 16, nacho hustahimili chumba chenye balbu moja bila kuijaza picha chengachenga. Betri, kwa upande mwingine, huisha upesi kuliko ya zamani, kwa kuwa skrini haina mapumziko. Natembea na tatu.

Lakini yaliyobaki ni habari ya ukimya.

Kamera hii inaweza kupiga picha pasipo kusogeza kitu chochote ndani yake. Kihisi husomwa kwa umeme, mstari baada ya mstari, na hakuna pazia lipitalo. Hakuna kwachak. Yeyote aliyewahi kunakili kanda za nyanjani atanielewa nikisema kwamba mara ya kwanza nilitaka kupiga vigelegele. Rekodi zangu za miaka ya nyuma zimejaa milio ya kamera. Beti nzuri inafikia kina cha mwisho na papo hapo, kwachak, silabi inamezwa. Wanafunzi walionisaidia kunakili walikuwa wakiniuliza kama msimulizi alikuwa akipiga kofi. Isitoshe, mahali kama matangani au penye dua, mlio ule ulikuwa ukinifanya nijione kama mtu aliyeingia na viatu. Nilipoupata ukimya nikaona kwamba hatimaye chombo kimejifunza adabu.

Mwezi Desemba mwaka huo nilikwenda Lamu, mtaa wa Langoni, kumrekodi bibi mmoja anayeghani Utendi wa Mwana Kupona kwa moyo. Utendi huo uliandikwa mwaka 1858, mama akimwusia binti yake, na ni vigumu kuusikia ukighaniwa na mwanamke wa umri wake bila kuhisi kwamba mausio hayo yanaendelea. Chumbani tulikuwa wanawake watupu. Bibi alikuwa amekubali kurekodiwa na kupigwa picha, na mjukuu wake alikuwa amemsomea fomu yetu ya ridhaa. Nikawasha kinasa sauti, nikaweka kamera katika ukimya, naye akaanza.

Alipotua kupumzika alinitazama, akauliza jambo ambalo nalinukuu kwa Kiswahili sanifu, ingawa yeye alilisema kwa Kiamu kitamu kuliko hiki:

"Mwanangu, mbona hupigi?"

"Nimepiga, Bibi. Nimepiga nyingi."

"Nyingi? Sikusikia hata moja."

Akaomba kuziona. Zilikuwa 40. Nilimgeuzia skrini ya nyuma, tukazipitia moja baada ya nyingine, mjukuu akisogea kutazama. Kwa jicho langu zilikuwa picha bora nilizopata kumpiga mtu: kinywa ki wazi katikati ya neno, mkono umeinuka, na katika nyingine leso imeteleza mabegani na nywele nyeupe zinaonekana. Bibi alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia kwamba mimi ni mwanawe na naweza kukaa naye hata akiwa kichwa wazi, lakini picha haikai chumbani. Itatoka, na haijui nani wa kuonwa naye. Akaongeza kwamba siku zote mpiga picha akija yeye husikia mlio, na akisikia hujitengeza. Leo alikuwa akiungoja mlio ndipo ajitengeze.

Alichagua 9. Zile 31 nikazifuta mbele yake, naye akihesabu.

Nimeisimulia habari hii katika semina, na mwenzangu mmoja akaniambia waziwazi kwamba nimeteketeza data. Hoja yake si ya kupuuzwa. Sisi hufunza kwamba utendaji wa fasihi simulizi ni pamoja na ishara za mwili, na kwamba mtendaji anayejua anatazamwa hubadilika. Kwa mantiki hiyo, picha 31 zilikuwa ndizo utendaji wenyewe na 9 zilikuwa mapambo. Hata hivyo naona mantiki hiyo inasahau kwamba Bibi hakuwa akitenda mbele ya kamera wakati ule. Alikuwa akitenda mbele ya wanawake watatu. Hadhira yake aliijua kwa majina, na ni yeye aliyeichagua.

Tukirudi kwenye lugha, sisi husema tunapiga picha. Wanaisimu watatukumbusha kwamba kitenzi hiki kimekwisha kupauka: tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga magoti, wala hakuna kinachogongwa. Nami nakubali. Lakini katika tungo hizo zote mimi huisogeza picha karibu na kupiga hodi. Mtu anaweza kunipinga kwamba hodi hutangulia kuingia, ilhali mlio wa kamera husikika picha ikiwa imekwisha kupigwa. Ni kweli kwa picha ya kwanza. Ila ni nadra mpiga picha kupiga moja akaondoka. Mlio wa kwanza humpa mwenye uso nafasi ya kusema karibu, au ya kufunga mlango. Nchini Japani simu zinazouzwa huko kwa desturi hutoa mlio usiozimika kamera inapotumika, kwa sababu waliona mapema balaa ya picha za siri. Kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria hiyo huuliza kama ulipata ridhaa. Bibi alikuwa ametoa ridhaa. Alichokosa ni kujua ni lini inatumika.

Na hata ukimya wenyewe una kasoro zake, jambo linalonichekesha kidogo. Kwa kuwa kihisi husomwa mstari baada ya mstari, mkono unaokwenda kasi hutoka umepinda, na chini ya taa za mirija picha huweza kujaa michirizi kama khanga iliyofuliwa vibaya. Kwa hiyo katika kumbi zetu za mihadhara hodi imerudi kwa lazima, taa ikitaka isitake. Pazia la kamera hii bado lipo, na ukilitumia hutoa mlio mwembamba, dhaifu kuliko kwachak ya zamani, lakini mlio.

Tangu Lamu nimegawa kazi. Utenzi unapoghaniwa nanyamazisha kamera, ila huwa nimekwisha kumwonyesha mtendaji taa ndogo nyekundu niliyoinunua sokoni, ambayo naiwasha ninapopiga na kuizima ninapoacha. Anapotua narudisha pazia na mlio wake, kisha nampiga zile picha anazojitengezea. Fomu ya ridhaa nayo imeongezewa mstari mmoja, baada ya kubishaniwa kwa vikao viwili: "Je, ungependa kusikia kila picha inapopigwa?" Kati ya watu 6 waliojaza fomu hiyo mpya, 5 wamejibu ndiyo. Wa sita, mzee mcheza zumari wa Malindi, aliandika kwamba yeye hahitaji kusikia kamera, mradi kamera imsikie yeye.