Koti la Jenerali, Dola Tatu za Askari

Ghorofa ya tatu ya Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, jijini Washington, ina giza la makusudi. Ukitoka kwenye jua la National Mall, unasimama kwanza mlangoni mpaka macho yazoee. Rangi za kale hazistahimili mwanga: buluu ya sufu hupauka, nyekundu hugeuka hudhurungi, na hakuna fundi awezaye kuzirudisha. Ndiyo maana onyesho la vita la Taasisi ya Smithsonian, lililofunguliwa mwaka 2004, lina mwanga hafifu kama sebule iliyofungwa madirisha adhuhuri ya joto.

Wageni wengi huelekea moja kwa moja kwa George Washington. Sare yake inasimama nyuma ya kioo: koti la sufu ya buluu, ukosi na makunjo ya kifuani ya njano iliyopauka, bitana ya rangi hiyohiyo, na safu ya vifungo vya madini ya njano kila upande. Nilisogea mpaka pumzi ikaacha ukungu kwenye kioo. Kwa karibu namna hiyo ndipo unapoona kazi ya mkono ya fundi, sufu iliyokazwa hata nyuzi hazihesabiki, na ukubwa wa mwenye koti, maana Washington alikuwa pandikizi la mtu, mrefu wa karibu sentimita 188. Koti hili ni la mwaka 1789, mwaka alioapishwa kuwa rais, naye alilivaa hadi alipofariki mwaka 1799. Kizibao na suruali ya kufika magotini ni vya zamani zaidi, vya siku za vita vyenyewe vya kupigania uhuru. Smithsonian iliipokea sare hii mwaka 1883 na imekuwa ikiionyesha karibu mfululizo tangu hapo. Kati ya mwaka 1942 na 1944 tu ndipo ilipofungashwa na kufichwa katika bonde la Shenandoah, mji mkuu ukihofia mabomu.

Mbele ya kizibao kile nilimfikiria William Lee. Alikuwa mtumwa wa Washington, mtumishi wake wa chumbani, na alikuwa naye muda wote wa vita. Ndiye aliyemtengeneza nywele na kumwandalia mavazi, akapanda farasi nyuma yake katikati ya risasi. Katika wosia wake Washington alimwachia Lee uhuru papo hapo, na posho ya dola 30 kwa mwaka maisha yake yote. Koti la bwana lina kabati lake. Vazi la mtumishi aliyemvisha bwana huyo halimo. Tangu hapo kila kabati nililopita nililiuliza swali lilelile: hii sare iligharamiwa na nani, na kwa kiasi gani?

Jeshi alilolikuta Washington mwaka 1775 halikuwa na sare. Wakulima na mafundi walikuja na nguo walizotoka nazo nyumbani, na mlinzi alishindwa kumtambua kapteni na kumtofautisha na mpita njia. Basi Julai mwaka huo likatolewa agizo la utepe wa kofiani: maofisa wakubwa nyekundu au waridi, makapteni njano, walio chini yao kijani. Utepe ukafanya kazi ya cheo. Mwaka 1779 ndipo ilipoamriwa kwamba makoti yawe ya buluu, na kila kundi la majimbo litofautishwe kwa rangi ya ukosi na mapindo ya mikono: nyeupe kwa majimbo ya kaskazini-mashariki, njano iliyopauka kwa New York na New Jersey, nyekundu kwa Pennsylvania, Delaware, Maryland na Virginia. Amri ilikuwa nzuri, ila kitambaa cha kuitimiza hakikuwapo. Askari wengi walimaliza vita wakiwa na viraka.

Karne ya 19 ni karne ya kofia, na kwa kofia peke yake mtu anaweza kusoma ni jeshi gani la Ulaya lililokuwa likiwakosha Wamarekani wakati ule. Walipowastahi Wafaransa, walivaa kofia ya kitambaa yenye utosi bapa ulioinamia mbele na ukingo mfupi wa ngozi. Prusia ilipoishinda Ufaransa mwaka 1871, mwaka uliofuata wapanda farasi wa Marekani wakapewa helmeti ya sherehe yenye singa za farasi, na mwaka 1881 askari wengine nao wakapata helmeti yenye mwiba utosini. Kati ya hizo ipo kofia ya mwaka 1858, ya feliti ngumu nyeusi, ukingo mmoja umepinduliwa na kubanwa kwa tai wa shaba, na unyoya wa mbuni ubavuni. Kwa macho yangu hiyo ndiyo kofia nzuri kuliko zote walizowahi kuvaa, na brigedi moja kutoka majimbo ya Wisconsin, Indiana na Michigan ilijipatia sifa kwa kuing'ang'ania vitani wakati wengine wameitupa.

Mtu wa pwani atasimama zaidi kwenye mavazi ya wale walioitwa Zouave. Tarbushi jekundu lenye kishada, kizibao kilichotariziwa, suruali pana nyekundu: ungedhani ni vazi la pwani, kumbe ni la vijana wa New York. Wafaransa waliliokota Algeria kwa wapiganaji wa kabila la Zwawa, na Wamarekani wakaliokota kwa Wafaransa. Nasi tunalijua tarbushi kichwani mwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, aliyevishwa na Mwingereza. Mwaka 1862, katika pigano la pili la Bull Run, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini mwa Marekani, rejimenti ya 5 ya New York ilikutwa kwenye mteremko ikiwa na nyekundu hiyo yote. Zaidi ya mia moja waliuawa kwa dakika chache.

Baada ya rangi zote hizo, koti la askari wa kawaida wa Kaskazini katika vita hivyo linaonekana duni. Ni la kitambaa chepesi cha sufu cha buluu iliyokolea, vifungo vinne, limekatwa kama gunia. Vilikuwapo vipimo vinne tu, na askari alipewa kilichokuwapo. Philadelphia, kwenye bohari ya jeshi ya Schuylkill, vitambaa vilikatwa kwa mafungu, kisha wanawake wakavibeba nyumbani na kuvishona kwa mkono, wakilipwa kwa kila nguo. Vita hivyo vilifika hadi Zanzibar. Kitambaa kilichoitwa marekani, kile kigumu cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, kilikuwa kimetawala biashara ya pwani yetu hadi bara. Pamba ya Kusini ilipozuiwa, viwanda vikakwama, na wafanyabiashara wa Uingereza na Bombay wakaingia kwenye pengo.

Lakini mimi nilibaki kwenye kifungo. Ni cha shaba, kimepinda nyuma, na juu yake yupo tai mwenye mabawa yaliyotanuliwa. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani akawa msemaji mkubwa wa watu wake, aliwahimiza Weusi kujiunga na jeshi kwa hoja ya kifungo hicho: mtu akishavaa tai wa Marekani kifuani na kushika bunduki, hakuna nguvu duniani itakayoweza kumkana kwamba ni raia. Walimsikia. Wanaume wapatao 179,000 Weusi waliingia jeshi la Kaskazini, wengi wao wakitokea mashambani walikokuwa watumwa. Askari Mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi, na juu yake posho ya nguo. Askari Mweusi aliandikiwa dola 10, kisha zikakatwa dola 3 za nguo. Koti lilelile, tai yuleyule, mmoja analipwa kulivaa na mwingine analipishwa. Rejimenti ya 54 ya Massachusetts ilikataa kupokea mshahara wa namna hiyo, ikaendelea kupigana bila senti, na wake na watoto wakashinda njaa nyumbani. Bunge lilirekebisha jambo hilo Juni 1864. Hesabu hii ya dola 3, kwa maoni yangu, ingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila kabati lenye koti la buluu.

Koti la ngozi la Custer, ofisa wa wapanda farasi, nalipita haraka, limekwisha kutazamwa vya kutosha.

Chini ya helikopta ya Huey, iliyopigana Vietnam na sasa imetia nanga ndani ya ukumbi, nilimkuta mzee Mweusi amevaa kapelo nyeusi iliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu jina la vita alivyopigana. Mjukuu wake alikuwa akiitazama helmeti ya chuma. Nilimwamkia, akanijibu kwa uchangamfu, kisha akaendelea kumweleza mtoto: "Ile tulinawia maji, tulikalia, tulibebea risasi. Kupikia tulikatazwa, moto unaharibu chuma." Helmeti hiyo, iliyopitishwa mwaka 1941, ilitengenezwa kwa zaidi ya milioni 20 katika Vita Kuu ya Pili peke yake, ikadumu vichwani hadi miaka ya 1980. Ni ganda la chuma juu ya kofia ya ndani, na ganda hilo huvuka kirahisi, ndiyo maana likawa beseni. Mtoto aliuliza kama ilizuia risasi. Mzee alisema: "Vipande vya bomu, ndiyo. Risasi, ni Mungu."

Hatua chache kutoka hapo ipo kombati ya Colin Powell ya vita vya Ghuba vya mwaka 1991, yenye madoa ya jangwani. Haina dhahabu, haina unyoya. Mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, alikuwa Mweusi wa kwanza kuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi ya Marekani. Wakenya watamkumbuka pia kwa Januari 2005, alipokuja Nairobi kushuhudia mkataba wa amani ya Sudan ukitiwa saini. Wanawake nao wana sare zao katika hazina ya makumbusho haya. Wanaonigusa ni wale zaidi ya 200 waliokwenda Ulaya katika Vita Kuu ya Kwanza kuunganisha simu za jeshi kwa Kiingereza na Kifaransa. Sare walinunua kwa fedha zao, waliapishwa, walifanya kazi mizinga ikisikika, na waliporudi wakaambiwa hawakuwa wanajeshi. Walitambuliwa kwa sheria mwaka 1977, wengi wakiwa kaburini.

Kutoka hapo unavuka tu barabara ya 14 na kufika Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa Septemba 2016. Kabla ya kuingia, tazama jengo. Kuta zake za rangi ya shaba zimepangwa ngazi tatu zinazotanuka kwenda juu, umbo lililochukuliwa kutoka kwenye taji la sanamu ya Kiyoruba. Aliyeongoza usanifu wake, David Adjaye, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1966, mtoto wa mwanadiplomasia wa Ghana. Kati ya kofia zote nilizoziona siku ile, hii ndiyo kubwa.

Ghorofa ya tatu ina ukumbi wa askari Weusi, kuanzia vita vya uhuru hadi vya karne hii. Hapa habari zilizokosekana ng'ambo ya barabara zinapata nafasi. Rejimenti ya 369 ya Harlem ilivuka bahari mwaka 1917, na kwa kuwa makamanda wa Marekani hawakutaka ipigane bega kwa bega na Weupe, ikaazimwa kwa Wafaransa. Ikapigana kwa bunduki za Kifaransa, na kofia ya chuma ya Kifaransa juu ya koti la Kimarekani. Ilikaa mstari wa mbele siku 191. Mmoja wao, Henry Johnson, usiku mmoja wa Mei 1918 alipigana na kundi la Wajerumani, risasi zilipokwisha akatumia kisu, akamwokoa mwenzake aliyejeruhiwa. Ufaransa ilimpa nishani mwaka uleule. Nchi yake ilimpa Nishani ya Heshima Juni 2015, karibu miaka 86 baada ya kifo chake, kwa mkono wa Barack Obama, rais ambaye baba yake alizaliwa Kenya.

Sare haikumlinda Mweusi nyumbani. Februari 1946, Sajini Isaac Woodard, saa chache tu baada ya kuruhusiwa kutoka jeshini, alishushwa kwenye basi huko South Carolina akiwa na sare yake mwilini, na polisi wakampiga kwa rungu hadi akapofuka macho yote mawili. Mkuu wa polisi alishtakiwa, na wazee wa baraza la mahakama, Weupe watupu, wakamwachia. Habari hiyo ilimchoma Rais Truman, na tarehe 26 Julai 1948 alitia saini amri ya kuondoa ubaguzi jeshini. Haki ambayo Douglass aliisimamisha juu ya kifungo cha shaba ilichukua miaka 85 kuandikwa kuwa amri, na macho ya mtu yalikuwa sehemu ya gharama yake.

Msomaji ukijaliwa kufika Washington, kiingilio ni bure kote kuwili, ila kwa jengo la Adjaye agiza tiketi yenye saa maalumu mapema. Watu huanzia kwenye koti la Washington, wakifika ng'ambo wamechoka na muda umekwisha. Wewe anzia ng'ambo. Panda ghorofa ya tatu asubuhi milango inapofunguliwa, soma habari za dola 3 na za Woodard ukiwa na nguvu zako, kisha vuka barabara ukatazame vifungo.