Insha ya Wasifu: Bibi Yangu wa Kibirizi

Unapoandika wasifu wa mtu asiyekuwa na cheo, usikimbilie maneno kama "mkarimu" na "mcheshi". Karibu kila marehemu huitwa hivyo. Andika alichokifanya. Nikupe mfano wa bibi yangu mzaa mama, Mlutheri aliyezeekea Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika.

Siku ya mazishi yake ilisomwa historia fupi: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, kufariki. Kuhusu kazi paliandikwa "mama wa nyumbani", basi. Halikuwa kosa, lakini mimi niliyelelewa kwake nilijua yaliyoachwa.

Dagaa wa Kigoma huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi iking'aa, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo kalenda ya bibi ilikuwa mwezi. Siku za giza alishuka mwaloni alfajiri kununua dagaa, akawaanika mchangani na kuwageuza mpaka wakauke. Wingu likitanda, aliacha hata ugali jikoni akakimbilia kuwaanua, maana dagaa wakinyeshewa huharibika na mtaji huenda nao. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mchanga ule. Siku za mbalamwezi alipalilia muhogo na kukamua mawese.

Utotoni hakupelekwa shule. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, bibi alijiandikisha, akiwa na mtoto mgongoni. Alipojua kusoma, kitabu chake kikawa cha nyimbo, Mwimbieni Bwana. Kidole chake kilifuata kila neno, hata la wimbo alioushika kichwani zamani. Baadaye majirani, Wakristo kwa Waislamu, walimletea barua awasomee. Nilikaa naye miaka mingi. Sikuwahi kusikia kilichoandikwa ndani ya barua hizo.

Sasa rudia kusoma aya mbili zilizopita. Hakuna mahali nilipoandika kwamba alikuwa mchapakazi au mtunza siri, ila umeyaona mwenyewe. Mtahini naye atayaona katika insha yako ukimwonyesha matendo, kila tendo na sababu yake.

Na kama bibi yako yu hai, usingoje swali la mtihani. Kaa naye, muulize alivyoishi, uandike. Mambo hayo hayamo kwenye cheti chochote, na siku ya kusoma historia yake, watu watamtafuta wa kuyasema.