Vitambaa vya kiti tufume sisi, kukaa mkae nyie?

Mimi huku Bariadi moyoni nina dukuduku na leo nalitoa.

Kuna maneno hapa mjini, ukikaa kijiwe chochote lazima uyasikie: "Mwanamke anaweza kuongoza, lakini..." Jamani, hiyo "lakini" ndiyo inayonikera. Inafuatwa na mumewe atakula nini, watoto atamwachia nani, na vikao vya usiku atarudi na nani.

Nayasikia yote kwa sababu kazi yangu ya mkono ni kufuma. Tangu nimalize kidato cha nne nafuma vitambaa vya makochi, na sasa nina kitandiko cha kitanda kikubwa, mwaka wa tatu huu. Mkoa mzima wa Simiyu tunalima pamba, lakini uzi nanunua dukani, na rangi yangu ikiisha nasubiri mzigo utoke Mwanza. Kila anayepita ananiuliza, "Hujamaliza tu?" Nacheka. Mikono ikiwa na kazi, masikio yanakuwa huru.

Na macho pia. Tazama barazani kwenye maduka: wanaokanyaga cherehani wengi ni wanaume. Hata mashine za kufumia masweta ya shule, wanaume wamo. Hakuna anayewaambia sindano ni ya kike. Kumbe sindano ikiingiza hela ni ufundi, ikifuma kitambaa cha kochi ni mambo ya akina mama!

Uongozi nao ni hivyo hivyo. Kwenye upatu na vikoba, mweka hazina awe mama, eti "akina mama hawali hela". Kuita watu mkutanoni, mama. Kupikia wageni, mama. Halafu kile kiti cha mbele, kilichotandikwa kitambaa alichofuma mama, anakaa baba.

Mwaka 2024, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, majirani walimfuata mama yangu mdogo wakamwomba agombee uenyekiti wa mtaa. Ameshika daftari la kikundi chao miaka tisa, haijawahi kupotea hata shilingi. Akachukua fomu. Wiki hiyo hiyo ukoo wa mumewe ukaita kikao. Mzee mmoja akasimama, akasema, "Ng'ombe tulizotoa ni za mke, siyo za mwenyekiti." Watu wakacheka. Mumewe akainamisha kichwa, kimya. Ile fomu ilikaa kabatini mpaka siku ya kurudisha ikapita. Katika kikao kile, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kazi ataiweza.

Mtaniambia, "Mbona Samia aliapishwa kuwa Rais, mnataka nini tena?" Ni kweli, aliapishwa Machi 19, 2021, mwanamke wa kwanza nchini kushika kiti hicho. Lakini kazi ile haikuanza siku ile. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alikuwa anazunguka Dar es Salaam kuwaingiza akina mama TANU. Mwaka 1995 Gertrude Mongella, wa hapo jirani Ukerewe, alikuwa Katibu Mkuu wa ule mkutano wa wanawake wa Beijing. Mwaka 2005 Anna Senkoro akagombea urais, mwanamke wa kwanza kuthubutu. Mwaka 2010 Anne Makinda akawa Spika. Hesabu mwenyewe: kutoka Bibi Titi mpaka kiapo cha Samia ni miaka 66. Hiyo ni kazi ya mdogo mdogo, tundu kwa tundu, na kila hatua kulikuwa na mtu anauliza, "Hujamaliza tu?"

Tena kuna kipimo cha ajabu. Mwenyekiti mwanaume akiboronga, watu wanasema fulani kaboronga, wanamtaja jina. Mwanamke akiboronga, wanasema wanawake hawawezi. Yaani mmoja akikosea tundu moja, mnataka tufumue kitandiko kizima cha wote!

Mama mdogo hajakata tamaa. Anasema akijaliwa, 2029 atachukua fomu tena, na safari hii mumewe keshamwambia atakwenda naye kuirudisha. Yule mzee anasema 2029 ni mbali. Mbali kwa nani? Sisi wenye sindano tunajua kungoja, ila tunangoja huku mikono inafanya kazi.

Kwa hiyo wewe kaka wa kijiweni, na wewe dada unayemcheka mwenzio, siku ukisikia mama kachukua fomu, muulize yale unayomuuliza mwanaume: maji, barabara na taka utafanyaje? Majibu yasipokuridhisha, mnyime kura. Habari za chakula cha mumewe waachie wenyewe jikoni kwao.

Tukutane wiki ijayo.