Tulituma Bila Kusikiliza Mpaka Mwisho

Mwezi huu tulikusudia kuzungumza nanyi habari za hapa na pale tu, kama tufanyavyo tukisubiri ibada ya pili ianze, tumekaa nje ya kanisa huku watoto wakikimbizana kwenye majani. Yako mengi ya kuzungumza. Lakini liko moja lililotukaa rohoni tangu mwaka jana, nasi tutalifikia.

Tuanze na mlima wetu. Mwezi Agosti 2022 Serikali ilitangaza kwamba intaneti imefikishwa Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mgeni kutoka Ulaya aweza kukaa pale, masikio yamekufa kwa baridi, akamwonyesha mama yake kilele cha Mawenzi papo hapo. Wakati huohuo sisi huku Old Moshi, siku za mvua kubwa, twapanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi ili tupate mtandao wa kumwuliza matroni kama mtoto amepona malaria. Baba wa nyumba yetu husema labda tuhamishie jiko Horombo.

Sisi tuliovuka miaka arobaini tulilelewa na redio. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na chao tangu miaka ya 1970. Redio ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na aliyeruhusiwa kuigusa ni baba peke yake. Tulisikiliza Mama na Mwana ya Radio Tanzania, na yalipofika matangazo ya vifo hata watoto walinyamaza. Mama mkwe wetu anakumbuka ya zamani zaidi. Anasema vipindi vya Sauti ya Injili vilitengenezwa hapa Moshi, vikapelekwa Addis Ababa, na kutoka huko vikarushwa hewani vikaturudia migombani, mpaka Serikali ya Ethiopia ilipokitwaa kituo kile mwaka 1977.

"Neno lilipitia Ethiopia ndipo likafika Kidia," hutuambia, "lakini kila aliyelishika njiani alikuwa amelisikiliza kwanza."

Sasa nyumba moja ina redio, televisheni na simu nne, na kila mmoja anasikiliza lake. Hatusemi ni vibaya. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, kijana aliyeko Dar es Salaam hutuletea fedha za mbegu za maharage bila kumsumbua kondakta wa basi. Na burudani nayo ina nafasi yake. Tamthilia ya Kituruki ya Sultan ilipokuwa ikionyeshwa Azam TV kwa sauti za Kiswahili, mazoezi ya kwaya yetu ya akina mama yalibidi kusogezwa. Mwalimu wa kwaya alituhubiria kwa hasira juu ya anasa za dunia, kisha ikajulikana kwamba naye anawajua wake wote wa jumba lile kwa majina.

Kuhusu Bongo Fleva tuna neno. Binti yetu wa miaka 11 alikuwa akicheza mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, kama wanavyofanya wenzake huko TikTok. Hatukumpokonya. Tulimkalisha, tukaurudia wimbo ule taratibu, mstari kwa mstari. Alifunika uso kwa kanga yetu. Kumbe muda wote alikuwa akicheza tu, maneno hakuyasikiliza. Tulimcheka sana, na siku ile tulijiona mama wenye hekima.

Sasa tuje kwenye lile jambo.

Akina mama wa usharika wetu tuna kikundi cha WhatsApp chenye watu zaidi ya mia moja. Mtu akifiwa twajua, harusi ikiwapo twachanga. Usiku wa tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipopoteza maisha katika uwanja wa Majengo hapa Moshi, wakikanyagana walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako, sisi tulizipata picha za miili kabla hatujapata jina hata moja. Wazia mama anamtambua dada yake kwa kanga, akiwa jikoni, peke yake na simu. Tuliweka sharti baada ya hapo: picha za marehemu hazitumwi. Juu ya dawa hatukuweka sharti lolote. Nani angefikiri lahitajika, na kikundi kina nesi?

Nesi mwenyewe ni sisi tunaoandika haya. Mwaka jana, wakati wa masika, tulitoka zamu ya usiku tukiwa hoi. Kwenye daladala tulikuta ujumbe wa sauti uliotumwa na mtu tunayemheshimu. Mzungumzaji alijiita daktari. Alianza vizuri mno: punguzeni chumvi, tembeeni kwa miguu, pimeni presha mara kwa mara. Tukasema moyoni, haya ndiyo tunayoimba kliniki kila siku. Dakika moja ikatutosha. Tukautuma kikundini, na juu yake tukaandika: "Wapendwa, sikilizeni hii, ina faida." Tukafika nyumbani, tukalala.

Ujumbe ulikuwa wa dakika sita. Kwenye dakika ya nne yule bwana alisema vidonge vya presha vinaharibu figo, na kwamba anayekunywa maji ya kitunguu saumu na limau siku saba aweza kuviacha kabisa.

Yupo mama mmoja mjane, ana miaka sitini na kitu, aliyekuwa akishuka na ndizi zake kuuza Kiboriloni kila siku ya soko. Alikuwa mwaminifu wa kliniki kuliko wengi, vidonge vyake kimoja kila jioni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kwa nini asiamini? Umetoka kwa nesi. Akaviacha.

Presha haina maumivu, akina mama, na hapo ndipo ilipo hila yake. Dawa huishusha kwa muda inapotumika. Ukiiacha, presha hupanda tena, nawe unaendelea kuchota maji na kukata majani ya ng'ombe ukijiona mzima. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri, kitieni kwenye mchuzi, lakini hakishiki nafasi ya kidonge. Ikawa baada ya wiki tatu mjukuu wake alimkuta asubuhi mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, maneno hayaeleweki. Tunashukuru kijana yule hakumpa uji wala maji, maana mgonjwa wa hali hiyo hupaliwa, wala hakungoja ione kama itapita. Alimtafutia gari mara moja. Presha yake alipopimwa ilikuwa 220 kwa 130.

Alipona, ila si wote. Mguu umerudi. Mkono wa kulia hauna nguvu ya kumenya ndizi.

Sisi tulijua chanzo pale mkwe wake aliposimulia, mbele ya watu, habari za "dawa ya nesi". Tulikaa siku nne bila kumwambia mtu, hata baba wa nyumba. Tulijitetea kwa mengi. Tulisema Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahusu anayesambaza uongo kwa kujua, nasi hatukujua. Tulisema alipaswa kuuliza kliniki. Tulikumbuka Oktoba 2020, tulipousimamia mlima usiku tukiutazama ukiwaka. Moto ule ulianza Jumapili ya tarehe 11 mahali paitwapo Whona, wanapopumzika wageni kati ya Mandara na Horombo, na TANAPA walieleza kwamba yaonekana ulitokana na watu waliokuwa wakipasha chakula. Kanisani likasomwa Waraka wa Yakobo sura ya tatu, habari za ulimi na moto mdogo, nasi tukaitikia Amina kwa nguvu, tukiwafikiria majirani.

Siku ya tano tulipanda kwake na kilo mbili za sukari. Alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, mkono umelala mapajani kama kitu cha kuazima. Tulimweleza yote, hata habari ya dakika moja.

"Hukusikiliza yote?" akauliza.

"Hatukusikiliza, mama."

Alikaa kimya muda mrefu. "Mwanangu, mimi nilidhani umeniandikia mimi. Nilisema, nesi amenikumbuka."

Akina mama, tungependa kuwaambia kwamba alitusamehe palepale tukaomba pamoja na kulia. Tulilia sisi. Yeye alisema, "Nimesikia," akamwita mjukuu alete chai. Msamaha alitupa baadaye, Jumapili moja baada ya ibada, kwa maneno machache, akiwa na haraka ya kupanda gari.

Kikundini tuliandika kosa letu lote, kwa jina letu, na ujumbe ule tukaukanusha. Akina mama wawili wengine wakakiri kwamba nao walikuwa wameacha vidonge. Mmoja alikuwa anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sasa Jumapili ya kwanza ya mwezi tunakaa na kipimo cha presha chini ya mwembe wa kanisa, na anayeleta ujumbe wa dawa tunausikiliza pamoja kwa sauti kubwa, hata ukiwa wa dakika kumi. Wengine wanachoka, wanaondoka.

Mjukuu amemtegea bibi yake kengele kwenye simu, saa mbili usiku, inalia pamoja na taarifa ya habari, naye anameza kidonge. Juzi tulipokwenda kumpima ilikuwa 140 kwa 90. Alitaka kujua kama ni kweli intaneti imefika Horombo. Tukamwambia ni kweli.

Akautazama mlima, mawingu yalikuwa yameufunika. "Na huko nako wanatumiana hizi dawa?"