Pikapu uani, wazazi mjini

Ukitoka Bangkok kwa basi kwenda Khon Kaen ni kilomita kama 450, sehemu kubwa kupitia Barabara ya Mittraphap, maana yake Urafiki, iliyoanza kujengwa kwa msaada wa Marekani miaka ya 1950. Barabara inapanda kwenye uwanda wa juu wa Khorat na kuingia Isan, eneo la kaskazini mashariki lenye mikoa 20 na karibu theluthi moja ya watu wa Thailand. Ni nchi ya mpunga, lakini wakulima wengi wanategemea mvua, udongo ni wa kichanga, na mavuno ni mara moja kwa mwaka, Novemba na Desemba. Mtu aliyekulia Shinyanga hatajiona mgeni sana.

Kitakachomshangaza kiko uani. Nyumba ya mbao imesimama juu ya nguzo, kuku wanachakura chini yake, mitungi mikubwa ya saruji imepangwa kukinga maji ya mvua. Kando yake kuna pikapu mpya ya milango minne, Toyota Hilux au Isuzu D-Max, inang'aa hadi unajiona. Kwetu gari la namna hiyo likiegeshwa kijijini, watoto wanajua amekuja mkuu wa wilaya au watu wa mradi. Huku ni la mkulima wa mpunga. Nyumba ya tatu ina jingine.

Nilikwenda kuangalia kazi ya wahudumu wa afya wa kujitolea, ambao nchi nzima ni zaidi ya milioni moja. Kila asubuhi tulipita nyumba kwa nyumba kupima wazee presha na sukari, na kila asubuhi nikawa nahesabu magari.

Sehemu ya sababu ni ya kawaida tu. Thailand ni kiwanda kikubwa cha pikapu duniani, na kodi yake kwa pikapu ni ndogo kuliko ya magari mengine. Sehemu nyingine ni ya macho ya watu. Gari jipya hutoka dukani na namba za muda zenye rangi nyekundu, na "namba nyekundu" imekuwa ndiyo njia ya kusema gari jipya kabisa. Wapo wanaochelewa kwa makusudi kubadilisha kibao. Sisi tunaosema "jamaa kavuta namba E" hatuna la kuwacheka. Kisha gari hupelekwa hekaluni, mtawa wa Kibuddha hulinyunyizia maji ya baraka, huchora alama kwa unga mweupe darini juu ya dereva, na shada la maua huning'inizwa kwenye kioo.

Kithai kina usemi kwamba mtu "ana uso na ana macho", yaani anaheshimika mbele za watu, na aliyeaibika "amepoteza uso". Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani, maana nasi tunauliza "uso wangu nitauweka wapi?" Hata mahari, ambayo wao huiita sinsot, huwekwa mezani fedha taslimu na dhahabu, wageni wakitazama. Familia nyingine hukopa fedha hizo kwa siku hiyo tu, kisha zikarudishwa kimyakimya zilikotoka.

Sasa tufanye hesabu. Pikapu ya baht 700,000 ikichukuliwa kwa mkopo wa miezi 84, rejesho ni zaidi ya baht 8,300 kwa mwezi kabla hata ya riba. Kima cha chini cha mshahara katika mikoa mingi ya Isan ni kama baht 350 kwa siku. Hizo ni siku 24 za kazi, kila mwezi, kwa miaka saba, na mwezi una Jumapili zake. Mpunga wa mara moja kwa mwaka hauwezi kulipa deni la kila mwezi. Tena mkulima mwenyewe mara nyingi tayari anadaiwa mbolea na mbegu na benki ya kilimo ya serikali, iliyoanzishwa 1966.

Kwa hiyo analipa kijana aliyeondoka. Isan ndiyo inayopeleka watu wake kuendesha teksi na kujenga maghorofa Bangkok, na kujaza viwanda vya Rayong na Chonburi. Watoto hubaki kwa bibi na babu. Katika nyumba nyingi tulizoingia, aliyetupokea alikuwa mzee na aliyejificha nyuma yake alikuwa mtoto mdogo. Wa katikati hakuwepo.

Katika nyumba mojawapo bibi wa miaka sitini na kitu alitukalisha kwenye mkeka chini ya nyumba, pembeni ya pikapu nyeusi. Binti yake na mkwewe wako kiwandani Rayong, na pikapu wameiacha kijijini. Yeye hajui kuendesha. Kukiwa na safari humwita kaka yake. Nilimuuliza kupitia mkalimani kwa nini vijana wasingetosheka na pikipiki. Akiniita mjukuu, akajibu kwamba watu wakiona uani hapana kitu watauliza binti yake anafanya nini huko miaka yote.

Jibu hilo nimelifikiria sana. Tumezoea kuita gari la namna hii kujionyesha, na kujionyesha kumo. Lakini kwa mzazi aliyemwacha mwanawe akiwa hajatimiza mwaka, ile pikapu ni kama barua kwa kijiji kizima kwamba kuondoka kwake hakukuwa bure. Ubaya ni kwamba barua yenyewe ndiyo inayomzuia kurudi.

Na si kwamba gari halina kazi. Tangu 2002 mpango wa matibabu wa baht 30 umefika nchi nzima, na wanakijiji wanatibiwa hospitali za serikali kwa malipo madogo mno. Kufika huko ndiyo shughuli. Ambulansi ya namba 1669 ipo kwa dharura, lakini kliniki ya kisukari si dharura. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, karibu robo tatu ya wanaokufa barabarani Thailand ni watu wa pikipiki na bajaji. Mama anayempakia mtoto kwenye pikapu badala ya kumbananisha katikati ya watu wawili kwenye pikipiki siwezi kumwita mpenda makuu. Mwaka 2017 serikali ilijaribu kukataza abiria kupanda nyuma ya pikapu, wiki moja hivi kabla ya Songkran, mwaka mpya wa Kithai unaoangukia Aprili, wakati nchi nzima inarudi vijijini. Watu walikuja juu, amri ikalegezwa.

Serikali nayo iliwahi kuchochea moto. Kati ya Septemba 2011 na Desemba 2012, chini ya Waziri Mkuu Yingluck Shinawatra, aliyenunua gari la kwanza alirudishiwa kodi hadi baht 100,000. Zaidi ya watu milioni moja walijiandikisha. Serikali hiyohiyo iliahidi kununua mpunga kwa baht 15,000 kwa tani, bei iliyozidi ya soko, na wengi wakakopa wakiitazamia. Mwishoni mwa 2013 malipo ya mpunga yakakwama kwa miezi. Rejesho la gari halikukwama.

Ukikosa kulipa miezi mitatu mfululizo, kampuni inakupa notisi ya siku 30, kisha inalichukua gari na kulinadi. Likiuzwa chini ya deni, tofauti unadaiwa wewe, na wewe ukishindwa anatafutwa mdhamini, ambaye kwa kawaida ni shangazi au mwalimu wa shule ya karibu. Ili yasifike huko, watu hukimbilia wakopeshaji wa mtaani, kausha damu wa Kithai, wanaotoza hata asilimia 20 kwa mwezi ilhali sheria inaruhusu 15 kwa mwaka. Wakusanyaji wao huja na pikipiki, kofia ngumu kichwani.

Siku hizi benki zimeogopa. Madeni ya kaya yamefika karibu asilimia 90 ya pato la taifa, maombi mengi ya mkopo wa pikapu yanakataliwa, na mwaka 2024 magari mapya yaliyouzwa nchini hayakufika 600,000.

Ya yule bibi ilichukuliwa miaka miwili kabla, kwa miezi 84. Mjukuu wake ana miaka mitano, yuko chekechea, na kila jioni huongea na mama yake kwa simu ya video. Rejesho la mwisho likilipwa atakuwa darasa la nne.