Mwanangu ataka kuihama raga, nami nimekwama

Msomaji mpenzi, jambo hili limeninyima usingizi kwa wiki tatu sasa, na kwa kuwa majirani zangu wamechoka kunisikiliza, nimeona nikuletee wewe.

Mwanangu wa pili alifika hapa Nyamira Ijumaa moja jioni bila kutoa habari. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni akichambua chinsaga. Alipoliona lile begi kubwa begani mwa kijana, jambo la kwanza alilouliza ni amefukuzwa wapi. Kijana alicheka tu. Alikula obokima yake yote, akaosha mikono, kisha akanigeukia: "Tata, nina neno."

(Kwetu Gusii "tata" ndiye mzazi wa kiume, na ukiita "baba" atakayeitika ni mama yako. Wageni huchanganyikiwa sana.)

Neno lenyewe lilikuwa hili. Kijana ana umri wa miaka 23 na huchezea klabu moja ndogo ya raga huko Nairobi. Sasa ameambiwa kuna majaribio ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega ya kubandika, na kabla ya majaribio yatakuwapo mazoezi ya miezi mitatu kwa gharama yake mwenyewe. Anataka kuiacha raga aende huko. Upande wa pili, shule ya upili iliyo karibu nasi imemwahidi kazi ya kufundisha hisabati muhula ujao. Mshahara ni mdogo, kwa maana anayelipa ni bodi ya shule wala si serikali, lakini ni kazi. Na pesa za miezi hiyo mitatu hazipo, isipokuwa mtamba wangu mmoja aliye zizini, ambaye nilikuwa nikimtunzia karo ya kifunga mimba wetu.

Sasa unaona mahali nilipokwama.

Ni heri nikiri mapema kwamba kijana huyu hahami mchezo kwa mara ya kwanza. Katika nyumba hii dini ya pili ni Shabana. Iliposhuka kutoka ligi kuu nilinuna kama mfiwa, na iliporudi mwaka 2023 nilichinja jogoo. Mwanangu alikuwa mlinzi mzuri wa kandanda hadi kidato cha pili, ndipo siku moja akaja na habari kwamba amehamia raga. Nilikasirika. Kwa mwaka mzima sikwenda kumtazama akicheza hata mara moja, ingawa shule ilikuwa umbali wa nauli ya shilingi mia moja tu. Mama yake alikwenda. Siku nilipokwenda hatimaye, niliona mtoto ambaye katika kandanda alikuwa akionywa kila mara kwa kuwagonga wenzake akipigiwa makofi kwa kosa lile lile. Nilinyamaza.

Usiku ule wa Ijumaa mama yake aliuliza swali la maana: "Kwani mpira si ni ule ule wenye umbo la yai?" Kijana alichukua vikombe vya chai akavipanga mezani. Katika raga, alisema, mpira hupasiwa nyuma au kando, kamwe si mbele. Huku kuna mmoja anayeruhusiwa kuurusha mbele. Katika raga ukimzuia mtu asiye na mpira unaadhibiwa. Huku kumzuia asiye na mpira ndiyo kazi ya karibu nusu ya timu. Raga haisimami, wachezaji 15 wale wale wakishambulia na kulinda. Huku kila mchezo ni wa sekunde chache, kisha watu wanapanga upya, na washambulizi 11 ni kikosi kimoja, walinzi 11 ni kingine. Na kuna kitabu cha mipango ambacho lazima ukikariri chote, maana ukisimama hatua mbili mahali pasipo pako, umewaangusha wenzako 10.

"Basi ni kama kurudi darasa la kwanza," mama yake akasema. Kijana hakubisha.

Siku iliyofuata nilianza kutafuta habari za waliomtangulia. Kenya hii tunaye mmoja, Daniel Adongo. Alizaliwa mwaka 1989, akacheza raga hadi New Zealand kwa timu ya Counties Manukau, kisha akawa na Southern Kings ya Afrika Kusini. Alikuwa jitu lenye mbio, mmoja wa wale wa skramu ambao ukiwaona wakikujia unakumbuka una watoto. Julai 2013, akiwa na miaka 23, Indianapolis Colts ya Marekani ilimsajili. Mchezo wenyewe hakuwa amewahi kuucheza. Disemba 8 mwaka huo huo aliingia uwanjani dhidi ya Cincinnati Bengals, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ya NFL. Walimweka katika kikosi cha mipira ya kupigwa kwa mguu, mahali ambapo kazi ni kukimbia kwa nguvu zote na kumwangusha mwenye mpira. Ni busara hiyo: walimpa sehemu ile iliyofanana zaidi na alikotoka.

Mechi zake zilikuwa chache. Disemba 2015 klabu ilimwacha.

Nilipowasimulia wenzangu kwenye kituo cha kuuzia majani chai, mmoja alitema mate kando akasema, "Mshika mbili moja humponyoka. Aliacha raga, na kule pia akakosa." Wengine waliitikia kwa vichwa. Mimi sikukubali, na sikubali hata leo. Kule Marekani watoto huanza mchezo ule wakiwa na miaka minane, na walio wengi huzeeka bila kucheza hata dakika moja katika ligi ile. Huyu aliingia akiwa mtu mzima, akajifunza lugha nzima mpya ya mchezo kwa miezi mitano, akavaa jezi. Lakini nikubali pia upande wa yule jirani: miaka ile miwili na ushei ilikuwa miaka ya nguvu za mwili, na miaka ya namna hiyo hairudishwi dukani kama shati lisilokutosha.

Wako waliokwenda baadaye. Jordan Mailata alitoka katika raga ya wachezaji 13 huko Australia, akachukuliwa na Philadelphia Eagles mwaka 2018, na Februari 2025 alikuwa uwanjani timu yake ikitwaa ubingwa. Louis Rees-Zammit wa Wales alikuwa nyota kamili alipoiacha raga Januari 2024. Hakucheza hata mechi moja ya ligi kule, na mwaka 2025 alirejea raga. Mmoja alipata, mmoja akarudi. Nilichogundua ni kwamba Rees-Zammit alikuta mlango uko wazi. Zamani haikuwa hivyo.

Hebu nikueleze kidogo, kwa sababu lilinishangaza. Raga iligawanyika huko Huddersfield, Uingereza, mwaka 1895, na ugomvi ulikuwa ujira. Klabu za kaskazini zilikuwa na wachimba migodi na wafanyakazi wa viwanda, wakataka mchezaji akikosa kazi ya Jumamosi kwa ajili ya mechi alipwe fidia. Wakubwa wa mchezo walikataa, nazo zikajitenga. Ndipo zikawa raga mbili, ile ya wachezaji 15 na ile ya 13. Tangu hapo, aliyevuka kwenda kule kwenye malipo alifungiwa na upande wa kwanza maisha yake yote. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1995, raga ya wachezaji 15 nayo ilipokubali malipo. Miaka 100! Fikiria mtu akichukiwa karne nzima kwa kutaka kulisha watoto wake.

Nilipofika hapo nilijiona mimi mwenyewe, nikisusia mechi za mwanangu kwa mwaka mzima.

Na kwetu Gusii, kuhama si jambo geni kama tunavyojifanya. Robert Ouko alikuwa mtu wa mita 800. Alishinda dhahabu ya mbio hizo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970. Miaka miwili baadaye, Olimpiki ya Munich, alishika nafasi ya tano katika mita 800. Kisha akateremka kwenye mita 400 za kupokezana vijiti, pamoja na Charles Asati na Hezekiah Nyamau, ndugu zetu, na Julius Sang akimalizia. Walirudi na dhahabu.

Naye Yobes Ondieki? Mwaka 1991 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 huko Tokyo. Mwaka uliofuata, Olimpiki ya Barcelona, akamaliza wa tano, na wengi wakasema amekwisha. Akapanda mita 10,000. Tarehe 10 Julai 1993, mjini Oslo, alizunguka uwanja mara 25 kwa dakika 26 na sekunde 58.38, na hakuna binadamu aliyekuwa amepita chini ya dakika 27 kabla yake. Siku tano tu kabla, Mkenya mwenzake Richard Chelimo alikuwa ameweka rekodi ya 27:07.91. Ondieki hakujitengenezea miguu mipya. Ile kasi ya mita 5,000 aliibeba hadi mbio ndefu, ambako wenzake walizoea kwenda taratibu zaidi.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mama watoto nilimwambia juzi tu, baada ya ndoa ya miaka 34. Mimi nilikuwa mkimbiaji. Shuleni, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilikimbia mita 400 kwa sababu Asati alikimbia mita 400. Mwalimu wetu wa michezo alinitazama misimu miwili akaniambia, "Kijana, wewe unaanza kuchangamka wengine wakichoka. Nenda mita 800." Niliona ananitukana, kwamba ananishusha kwa wale waliokosa mbio. Nikakataa. Mwenzangu mmoja, ambaye mazoezini sikuwahi kumwona mbele yangu, aliambiwa hivyo hivyo akakubali. Siku ya mashindano ya wilaya mjini Kisii mimi nilikuwa wa sita. Yeye alishinda mita 800, na miguu ile ikampatia kazi jeshini, akastaafu na kiinua mgongo. Tunasalimiana sokoni Keroka. Hajawahi kunikumbusha, wala mimi.

Kwa hiyo, msomaji, ukiniuliza kwa nini sikumjibu kijana usiku ule ule kama baba mwenye msimamo, ndiyo hiyo sababu. Sikujua kama ningekuwa nikimjibu yeye au ningekuwa nikimjibu yule mwalimu.

Jumapili iliyopita nilimwita chini ya mparachichi. Sikumuuliza kama atafaulu. Hilo hata yeye halijui. Nilimuuliza ni kitu gani cha raga atakachokibeba. Alifikiri kwa muda mrefu, akasema, "Kumwangusha mtu, Tata. Hilo sihitaji kufundishwa." Nikamuuliza, "Utajuaje kwamba imetosha?" Hapo alitazama chini. Nikamwambia hilo ndilo nitakalolinunua kwa mtamba wangu: tarehe. Akaipe kalenda siku, aniandikie kwenye karatasi, na siku hiyo ikifika bila jambo, arudi hisabati bila mtu yeyote katika boma hili kumcheka, mimi nikiwa wa kwanza. Nilimtaka pia aende mwenyewe kwa mwalimu mkuu amweleze kwa kinywa chake, asitume ujumbe wa simu. Alikwenda. Mwalimu mkuu alimwambia nafasi hawezi kumwekea, lakini alimshukuru kwa kuja.

Mama yake bado ananuna. Anasema karo ya kifunga mimba nitaipata wapi Januari, na swali hilo ni halali. Sina jibu ila majani chai na Mungu.

Karatasi iko ndani ya Biblia yangu. Imeandikwa 30 Novemba. Mnunuzi wa mtamba anakuja Jumanne asubuhi.